Jasho Linataka Njia: Niliyowaambia Akina Mama Kuhusu Matandiko

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao chetu cha Jumamosi hapa Tanga. Wengi hamkuwepo, mlikuwa Muheza msibani, na mkaomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale umeme ulipokatika, feni zikasimama, na kila mtu akaanza kujipepea na kusemezana na jirani yake.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Jana usiku nani alilala? Sisemi nani alipanda kitandani, maana wote tulipanda. Nauliza nani alilala, akafika alfajiri bila kuugeuza mto mara nne kutafuta upande wa baridi. Inueni mikono niwaone. Mmoja, wawili, watatu. Wewe uliyeshuka jana kutoka Lushoto shusha mkono, bado una baridi ya kule mwilini. (Kicheko.)

Kazi yangu mnaijua. Nimeshika sindano ya shazia nikishona mito na magodoro tangu mwanangu wa kwanza hajaota meno, na leo huyo ana watoto wake. Mwenyekiti ameniomba niseme neno kwa sababu msimu wa harusi uko mlangoni, na kila mwenye binti wa kuozwa anahangaika na vyombo. Fedha tunazochanga hapa nyingi zinaishia kwenye kitanda, godoro, mashuka na mito. Halafu bibi harusi analalia matandiko hayo miezi mitatu tu, mara simu inaita: mama, huku joto, tutafutieni feni.

Feni ni kitu kizuri, nami ninayo. Lakini feni inapuliza juu yako. Chini yako je? Ule ubavu ulioulalia, upepo wa feni unaufikia saa ngapi?

Nina neno moja tu leo, mengine yote ni matawi yake. Jasho linataka njia. Semeni na mimi: jasho linataka njia.

Sikilizeni inavyokwenda. Mwili ukijiandaa kulala hupunguza joto lake la ndani, karibu nyuzi 1 hivi ya Selsiasi. Joto hilo lina mlango mmoja mkubwa wa kutokea, nao ni ngozi. Ndiyo maana mtoto akianza kusinzia, shika viganja vyake, utakuta vina moto. Mahali penye hewa ya baridi na kavu kazi hii ni nyepesi. Sisi tuko pwani. Kaskazi ikishachoka, upepo umelala na masika hayajaja, hewa yenyewe imeshiba maji. Hapo mwili unabakiwa na jasho. Na jasho, mama zangu, halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Jasho lililotoka likakwama kati ya ngozi na shuka halijakusaidia kitu, limekulowesha tu.

Niwape kisa changu, na kinaniaibisha. Mwaka juzi nilipita duka moja mjini nikaona mashuka yanang'aa, yana mawaridi makubwa kama sahani za pilau, ukiyapapasa laini kama shavu la mtoto. Seti nzima na foronya 2, kwa bei ya shuka moja la pamba. Mimi fundi mzima nikafungua pochi. Usiku wa kwanza mzee wangu akageukageuka mpaka asubuhi. Usiku wa pili, kama saa saba, akanyanyuka kimya, akachukua mkeka nyuma ya mlango, akaenda kulala barazani. Nikabaki nimekodoa macho gizani nikihesabu nilichomkosea. Asubuhi namuuliza, ananiambia: "Sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na hilo nailoni lako."

Nikavaa miwani nikaitafuta lebo. Maandishi kama sisimizi: poliesta 100%.

Muuza duka hakunidanganya. Sikumuuliza.

Sasa poliesta ni nini? Ni plastiki iliyotokana na mafuta ya petroli, ikavutwa ikawa uzi. Waingereza waliivumbua mwaka 1941, na ina kazi zake: sketi ya shule haikunjiki, nguo inakauka upesi kambani. Ila haijui kunywa maji. Chukueni kilo 1 ya pamba iliyokaushwa kabisa, iacheni kwenye hewa ya kawaida. Itavuta unyevu wa gramu 70 hadi 80, na ukiishika bado utasema ni kavu. Poliesta kilo 1 hiyohiyo haivuti hata gramu 5. Ndiyo tofauti yenyewe. Pamba inalipokea jasho kwa upande wako na kuliachia kwa upande wa pili. Poliesta inalirudisha lilikotoka, labda ifumwe kwa ufundi maalumu kama jezi za wachezaji, na yale mawaridi yangu hayakuwa jezi.

Utajuaje basi kilichoko mkononi? Usimtegemee muuzaji, maana kwa muuzaji kila kitu ni kotoni. "Kotoni mia kwa mia, mama, shika mwenyewe." Ukishika ndipo unapokwisha, kwa sababu mkono unapenda laini, na laini ndiyo iliyoniuza mimi.

(Hapa nilitoa sahani ya maji na kibiriti. Kwa mliokosa: chomoa nyuzi chache pindoni, zishike kwa kibano juu ya sahani, watoto wakae mbali. Uzi wa pamba unashika moto mara moja, unanuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ukiligusa linasagika kama unga. Uzi wa poliesta unaukimbia moto, unajikunyata, unayeyuka, na ukipoa unaacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona vyote viwili kwa pamoja, jivu na chembe ngumu ndani yake, hiyo ni mchanganyiko, ndugu yake tetroni.)

Nilichoma uzi wa foronya ya zamani, ukawa jivu. Nikachoma wa shuka la mawaridi, ukawa kidonge. Nikiwa najiandaa kuendelea, dada mmoja wa safu ya nyuma akapaza sauti: "Na hiyo kanga uliyojifunga je?" Ukumbi mzima ukadakia. Basi nikachomoa uzi wa kanga yangu mwenyewe, mbele yenu, nikauchoma. Kidonge! (Vigelegele, na si vya kunisifu.) Nilipenda jina la kanga, kitambaa sikukiangalia. Sasa mnaelewa kwa nini natembea na kibiriti.

Bibi zetu hawakuhitaji kibiriti. Wao waliuliza kitambaa kwa jina: merikani, bafta, melimeli. Merikani ndiyo iliyokuwa nguo ya kazi. Na jina halikutoka hewani. Kuanzia miaka ya 1830 merikebu za wafanyabiashara wa mji wa Salem, huko Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja na marobota ya pamba nzito isiyopaushwa, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said waliwekeana mkataba wa biashara. Watu wakaizoea nguo ile mpaka bara ikawa inapokelewa kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowashika Wamarekani, 1861 hadi 1865, pamba ikakatika, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi. Nguo ikabadilisha nchi, jina likabaki. Mpaka leo ukiingia kwa wauza vitambaa ukasema merikani, utapewa pamba ya rangi ya maziwa, ngumu kidogo, ina uwanga. Ifue mara tatu, nne. Inalainika, na kila ukifua inazidi kupendeza.

Uwanga huo msiusahau. Wako wanaopima kwa tone la maji: wanadondosha tone juu ya shuka jipya, lisiponywewa wanasema hii si pamba. Kumbe ni uwanga unaolizuia tone. Fueni kwanza ndipo mpime.

Tena yako maneno ya siku hizi, nyuzi 600, nyuzi 1,000. Nyuzi zinazohesabiwa ni zile zilizomo kwenye inchi moja ya mraba ya kitambaa. Shuka zuri la joto letu lina nyuzi 200 hadi 400, basi. Wengine wanasokota nyuzi mbili au tatu nyembamba pamoja, halafu wanahesabu kila moja ili namba ikue. Na hata kama namba ni ya kweli, shuka lililobanana nyuzi linazuia hewa. Tazama mfumo wake: uzi mmoja juu mmoja chini, ule wa kawaida kabisa, ndio unaopitisha. Ule wa satini, unaong'aa, huo ni wa picha za harusi.

Ukitembelea mitumbani, tafuta kitani. Kitani, si katani! Sisi watu wa Tanga tunaweza kuchanganya. Katani ni ile yetu ya mashambani, aliyoileta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, 62 ndiyo iliyofika ikiwa hai, na mkoa mzima ukajengwa juu ya hiyo 62. Lakini katani ni ya kamba na magunia, usiilalie utachunika. Kitani kinatoka kwenye mmea mwingine, unaopendwa kulimwa Ulaya, na kinavuta unyevu kuliko pamba. Dukani bei yake inauma. Mitumbani kinakuja kama vitambaa vya meza vya Wazungu, vimekunjamana vibaya, hakuna anayevitaka. Unganisha viwili, una shuka la kulalia miaka 20. Nimefanya hivyo mwenyewe, na nikijilaza najisikia tajiri.

Mtauliza habari ya mashuka ya mwanzi yanayotangazwa kwenye simu. Mwanzi wake umesagwa na kuyeyushwa kwa dawa kiwandani kabla haujawa uzi. Unakunywa jasho vizuri, sikatai, ila unaponunua usidhani umenunua msitu.

Twende kwenye godoro, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama binti mmoja, ameolewa mwezi wa pili huo. Kanikaribisha chumbani, nikakaa kitandani. Chakra! Nikasogea. Chakra chakra! Nikanyanyua pembe ya shuka: godoro bado limo ndani ya nailoni yake ya dukani, na gundi na kila kitu. Namuuliza, ananijibu: "Bibi, litachafuka." Shingoni ana harara nyekundu kama amepakwa rangi, anajikuna huku ananimiminia chai.

Nani hapa godoro lake limo kwenye nailoni? Msiinue mikono, nawaona mnavyotazamana. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, tukarudisha rambo zote, tukabakiza mmoja tu, mkubwa kuliko yote, ndio tunaoulalia! Jasho linataka njia. Ndani ya mfuko linapita wapi? Nendeni leo mkauchane. Mkiogopa madoa, shoneni mfuko wa merikani wa kulivika godoro, wenye zipu au kamba za kufungia, mnauvua mnaufua. Binti yule nilimshonea. Harara iliisha, ingawa sitawadanganya kwamba ni mfuko peke yake, na mvua nazo zilikuwa zimeanza.

Sijaja kuwaambia mtupe magodoro ya sponji. Wengi tunalalia hayo, hata mimi nililalia miaka. Sponji nayo ni ya petroli. Inakukumbatia kotekote, na penye kukumbatiwa hapapiti hewa. Kama ndilo ulilonalo, fanya walivyofanya watu wa pwani kabla yetu: tandika mkeka wa ukindu juu ya godoro, kisha shuka la pamba juu ya mkeka. Mkeka una migongo na mabonde madogomadogo ya ukili, na hewa inapita humo. Siku mbili za kwanza utalalamika mgongo. Ya tatu utanyamaza.

Bibi yangu mzaa mama alikaa Pangani. Kitanda chake kilikuwa cha kamba za usumba, matendegu ya mvule, mifumbati imekuwa myeusi kwa kukaliwa. Kamba zikilegea, babu anakiwamba upya, anakaza huku amekanyaga mfumbati na jasho linamtoka. Juu ya kamba, mkeka. Juu ya mkeka, bibi. Godoro la sufi lilikuwepo, limekunjwa, la mgeni na la miezi ya baridi. Mimi mtoto nikilala naye nilikuwa nasikia upepo unapanda kutoka mvunguni unanigusa mgongo. Feni yake ilikuwa chini! Leo tunanunua vitanda vya kisasa, mafundi wanavipigilia ubao mzima badala ya chaga, mvungu tunaujaza masanduku na sufuria za shughuli. Halafu tunashangaa godoro lina ukungu kwa chini. Mwambieni fundi aweke chaga, na kati ya chaga na chaga vidole vitatu vipite.

Usumba huo wa kumbi za nazi ndio unaopitisha hewa kuliko vyote ninavyovishona. Ni mgumu, una miba yake, hivyo nautia katikati, juu na chini nafunika kwa pamba au sufi. Kwa mtu mnene anayelala peke yake na kulalamika joto, ndilo godoro ninalompa, na hajarudi kunidai.

Sasa sufi. Nasema sufi, si sufu. Sufu ni manyoya ya kondoo, mwachieni dada wa Lushoto. Sufi inatoka kwenye msufi, ule mti mrefu wenye miba shinani. Tunda lake likikauka linapasuka, ndani mna weupe unaong'aa na mbegu nyeusi kama pilipili manga. Unyuzi wake ni bomba tupu, sehemu kubwa ni hewa, na una nta kwa nje. Haulowi kirahisi, zamani, kabla ya haya maplastiki, ndio uliojazwa kwenye majaketi ya kuokolea mabaharia. Unateleza mno hata kuusokota peke yake ukawa nguo ni tabu. Kazi yake ni kujaza mto, na kwa mto sijaona mpinzani. Mwepesi, haung'ang'anii kichwa, ukiupiga kofi unajaa upya.

Ila ina masharti. Sufi hujikusanya mabonge na kulala. Kila baada ya miezi michache anika mto juani, geuza, piga kwa fimbo. Baada ya miaka fumua, chambua, jaza upya. Usipofanya hivyo, utalalia jiwe na kunitukana mimi. Na inashika moto kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma viwe mbali na kitanda. Kwa mito hiyo yenye vipande vya sponji vilivyosagwa sina la kusema, mnavijua vinavyonuka ukivilalia na nywele mbichi.

Watoto wachanga nipite haraka. Mpira tunaoutandika kuzuia mkojo unampa mtoto harara. Ukilazimika kuutumia, weka juu yake kanga mbili kuukuu za pamba, ya pamba kweli, uliyoichoma uzi, na uzibadilishe zikilowa. Blanketi la manyoya uliloletewa zawadi mshukuru aliyelileta, kisha likunje kabatini.

Na chandarua. Najua mtu atasema: mama, umetuambia plastiki inaleta joto, na chandarua chenye dawa nacho ni poliesta au plastiki nyingine. Kweli. Na kinapunguza upepo, kweli. Lakini matundu yake ni njia tosha ya jasho, na malaria haina mjadala. Chandarua kibaki kitandani, kiangazi na masika. Ondoeni joto chini yenu kwanza, mtaona chandarua kinavumilika.

Mzee mmoja aliuliza mwishoni, mbona nchi inalima pamba nyingi hivyo, Simiyu, Shinyanga, kote kule, na shuka la pamba bado ni ghali kuliko la petroli? Nilimjibu ninavyojua: sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje ikiwa marobota, inarudi imekuwa shuka, na kila iliposimama njiani imeongezwa bei. Ndiyo maana tumekubaliana tununue merikani kwa jora zima, tugawane kwa mita, na kila mmoja akashone kwake. Watakaochangia jora waandikishe kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa.

Kuhusu sufi, ninayo magunia 4 ya matunda yaliyokauka stoo kwangu, hayajachambuliwa. Jumamosi ijayo baada ya saa kumi za jioni, jua likipoa, tutachambua pamoja uani, na kila atakayefika ataondoka na sufi ya mto mmoja. Njooni na foronya zenu, na kitambaa cha kufunga pua na mdomo, maana inapeperuka na kuingia kila mahali. Wenye pumu wabaki nyumbani, tutawapelekea. Na tafadhali, safari hii asije mtu na feni.